Mwaka Tulioigawa Diski ya Bi Stela

Mwezi uliopita Ustadhi Faki alirudi Tanga. Alikuwa amemleta mkewe kutoka Pemba kwa daktari wa macho, na kabla hata hajajua watalala wapi alishika njia ya Ngamiani kuitafuta ofisi yetu. Ofisi haipo siku nyingi, pale sasa wanauza vipuri vya pikipiki, lakini watu wa mtaa wakamwelekeza kwangu Makorora. Nilikuwa uani naanika nguo niliposikia hodi ya mtu anayevuta maneno kwa namna ya watu wa Wete, nikajua ni yeye kabla sijafika mlangoni. "Shikamoo, Ustadhi." "Marahaba, Mwanahawa. Umezeeka." "Na wewe umebaki kijana?" Akacheka, meno ya mbele hayapo tena. Nilimkalisha barazani, nikampa maji, na hajayamaliza akauliza, "Bi Stela je, mzima? Nipeleke nikamsalimu. Nimemchukulia karafuu, nakumbuka alipenda kuzitia kwenye chai." Alikuwa ameshaitoa ile bahasha ya karafuu mfukoni. Nikamwambia Bi Stela ametangulia, amezikwa kwao Muheza, na kwamba hakuugua sana. Ustadhi akaiweka bahasha juu ya goti, akawa anaikunja kingo zake polepole. Baadaye akasema, "Na lile jambo alilonifanyia mie sikupata kumshukuru vya kutosha." Nikamwambia si yeye peke yake.

Alipoondoka nilibaki nimekaa palepale hadi nguo zikakauka na kukakamaa kwenye kamba. Watu wawili tu ndio tulioshuhudia mwaka ule na bado tunapumua, na mmoja wetu anaishi ng'ambo ya maji. Ndiyo maana nauandika. Sitaanza na kwetu wala na nani alinizaa, hayo yana mahali pake. Naanza na chumba.

Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Mwantumu, katikati ya Ngamiani, mlango mmoja barabarani na mwingine kwenye ukumbi wa ndani. Dirisha lilikuwa na nondo na pazia la kitenge lililofifia upande wa jua. Ukutani tulibandika karatasi: Tunapiga Taipu, Barua, Maombi ya Kazi, Kadi za Harusi. Kulikuwa na meza mbili. Juu ya moja ilikaa mashine ya taipu, nzito kama jiwe la kusagia, na juu ya nyingine kompyuta, ambayo Bi Stela aliishonea vazi la kitambaa cheupe chenye ukosi wa lasi, kama mtoto anayekwenda kupata kipaimara. Asubuhi alilivua, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye droo. Jioni alilivisha tena. Chumba kilinuka mafuta ya taa ya duka la jirani na, ikikaribia saa sita, kilinuka nazi, kwa sababu Bi Mwantumu alikuwa akipika bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa nazi huko nyuma, na sahani yetu ililetwa bila kuulizwa. Tulikula tumekaa kwenye mkeka ukumbini, mlango wa ofisi wazi, jicho moja kwenye kompyuta. Hata leo nikionja bada iliyosongwa vizuri naisikia sauti ya ile feni ya mashine.

Mimi na Bi Stela tulitoka mahali pamoja, ofisi kuu ya kampuni ya mkonge, kwenye chumba kirefu cha wapiga taipu. Mashamba yalipoanza kuuzwa tulipunguzwa wote kwa siku moja. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, yeye alikuwa mjane aliyekaribia hamsini, mwanamke mrefu wa Kibondei, mtaratibu, asiyependa kelele. Watu wengi walikichukua kiinua mgongo wakakifungulia genge au wakakila. Sisi tuliziunganisha fedha zetu tukanunua kompyuta iliyotumika, kutoka kwa mradi wa wataalamu wa kigeni waliokuwa wakifunga virago. Tuliambiwa ni wendawazimu. Dirishani kwetu kulikuwa na benchi, na wanaume waliokaa pale hawakujua, au hawakujali, kwamba tunawasikia. Walizungumza juu ya sukari, ambayo zamani ilipangiwa foleni na sasa ilijaa madukani ila mfuko ndio mtupu. Walizungumza juu ya nani kapunguzwa bandarini na nani kafungua duka la mitumba. Siku moja mmoja akasema, "Na hawa wanawake na televisheni yao, wataila?" Bi Stela hakuinua hata kichwa. Aliendelea kupiga taipu kwa vidole kumi, taratibu, kama mtu anayekuna nazi.

Alichokuwa akikipiga kila asubuhi kabla ya wateja hakikuwa cha mteja yeyote. Mumewe, Mwalimu Elia, alifundisha shule za msingi kule Bonde, nchi ya Wabondei, maisha yake yote, na katika maisha hayo alikusanya maneno ya Kibondei. Aliyaandika kwenye vipande vya karatasi za mitihani ya watoto, upande usioandikwa, neno moja kipande kimoja, pamoja na maana yake kwa Kiswahili na jina la mtu aliyelitamka. Alikufa kabla hajavipanga. Bi Stela alivipanga katika sanduku la mbao, akaviingiza kwenye kompyuta herufi baada ya herufi. Alikuwa ameshafika mbali. Siku moja alikuja kazini macho mekundu, akakaa bila kulivua lile vazi la kompyuta. Mchwa walikuwa wameliingia sanduku kwa chini, pale uvunguni mwa kitanda. Juu vipande vilionekana vizima, lakini alipovishika vilivunjika kama maganda ya kitunguu. Kuanzia siku hiyo kazi yote ya Mwalimu Elia ilikuwa ndani ya diski ya ile kompyuta iliyokuwa ikinguruma mezani kwetu, na si mahali pengine popote duniani.

Ustadhi Faki alikuja majira ya mvua za vuli. Alikuwa mwalimu wa madrasa, kijana bado, ndevu chache, kanzu imepigwa pasi ya mkaa. Pamoja na watoto wa madrasa alikuwa na darasa la alasiri la kina mama watu wazima, wale ambao utotoni waliwekwa jikoni wakati kaka zao wanapelekwa chuoni, na sasa walitaka kusoma Qurani wenyewe kabla hawajafa. Alikuwa amewatungia kitabu chepesi cha herufi, chenye maneno wanayoyajua. Alitaka tukipige. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba kompyuta yetu haijui herufi zile, kwani inaandika kutoka kushoto tu. Akasema, "Mie nna mjomba Maskati. Nitamwandikia." Baada ya wiki nyingi akarudi na kisanduku cha flopi, zile diski bapa za kuchomeka, zilizofungwa kwa nailoni, mfumo mzima wa kompyuta wa Kiarabu, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Fundi Joachim, aliyekuja Tanga mara mojamoja kutoka Arusha kutengeneza mashine za ofisi, alikitazama kile kisanduku akatikisa kichwa. Alituchorea kwenye karatasi. Diski yetu, alisema, ni sehemu moja tu, patisheni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mfumo wetu umeikalia yote. Huu mpya hautakubali kuchanganywa na wa zamani, lazima upate patisheni yake. Njia ya kawaida ni kufuta kila kitu na kuigawa diski upya. Bi Stela alisimama akatoka nje. Joachim akashusha sauti. "Kuna njia nyingine, dada. Kuna programu ndogo inayokata ile sehemu tupu ya mwisho bila kugusa kilichoandikwa. Lakini kwanza ukusanye vitu vyote mwanzoni mwa diski, maana kompyuta inatawanya, inaweka kipande hapa na kipande kule. Ukikata na kipande kikabaki upande wa pili, hicho kisahau. Na umeme usikatike vitu vikiwa njiani." Aliniachia flopi ya ile programu na diski mbovumbovu ya kujifunzia, akapanda basi lake.

Nilijifunza mchana, wateja wakipungua. Mara ya kwanza niliiharibu ile diski ya mazoezi kabisa. Nilikuwa nimejaza humo barua za kubuni, mamia, nikaikata kabla ya kuzikusanya vizuri, na nilipozifungua zilikuja alama za ajabu, nyota na vichwa vya watu vinavyocheka. Sikugeuka, lakini nilijua Bi Stela amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. "Haya ndiyo unayotaka kumfanyia mume wangu?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. 

Siku zilizofuata tulisemeshana kwa mambo ya kazi tu, karatasi iko wapi, mteja wa kadi amekuja. Nilijifunza tena, na tena, hadi ile diski ya mazoezi ikawa inakatika bila barua hata moja kupotea, lakini sikusema kitu. Ustadhi alipopita kuulizia, Bi Stela mwenyewe alimweleza habari ya mchwa. Ustadhi akasema, "Basi tuache, Bi Stela. Changu kimo kichwani na mie bado niko hai. Cha marehemu kikipotea nani atakirudisha?" Akamwomba amwonyeshe hicho kitabu cha maneno. Akavuta kiti. Nakumbuka walivyokaa siku ile, kanzu na gauni la maua, mbele ya kioo kimoja, Ustadhi akishangaa kwamba Wabondei wakitaka maji wanasema mazi, na akimwonyesha kwa kidole maneno ambayo yalitoka Uarabuni yakapanda hadi Magila huko Bonde bila kubeba pasi ya kusafiria. Bi Stela alicheka. Tangu mchwa nilikuwa sijamsikia akicheka. Baada ya hapo Ustadhi alizoea kupita akitoka sala ya adhuhuri, anakula nasi, anasoma ukurasa mmoja au miwili, anaondoka. Kitabu chake mwenyewe hakukitaja tena.

Aliyekitaja ni Bi Mwantumu, wala hakujua kama anakitaja. Alikuwa mmoja wa wale kina mama wa alasiri. Ustadhi, kwa kukosa kitabu, aliwaandikia masomo kwa mkono kwenye stensili na kuyazungusha kwenye mashine ya kuazima iliyovuja wino. Siku hiyo tulikuwa tunamaliza kula. Bi Mwantumu alinawa, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi sikioni, akaitandaza karatasi ya somo juu ya mkeka. Aliisoma kwa kidole, midomo ikitikisika, kisha akakoma. Akarudia. Kidole kilikuwa kimekwama juu ya herufi moja. "Hii ni be au ni te?" alijiuliza. "Nukta zenyewe ziko juu au chini? Mbona ziko kotekote?" Nikaangalia. Be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, na wino ulikuwa umedondoka. Matone mawili yalikaa juu, jingine chini, na hata mjuzi asingejua mwandishi alikusudia herufi ipi. "Jana nimesoma mstari mzima makosa," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Wenzangu wakacheka. Nikadhani ni macho yangu. Nikadhani ndiyo basi tena, nimechelewa." Akaikunja karatasi akaiingiza kifuani kwake, akaanza kukusanya sahani kana kwamba hajasema kitu.

Bi Stela aliinuka akamsaidia kuosha vyombo, jambo ambalo Bi Mwantumu hakuwa akimruhusu mgeni kulifanya. Sikusikia waliyozungumza huko uani. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii. Nadhani hawakuzungumza chochote kikubwa.

Wiki hiyohiyo Ustadhi alikuja na habari kwamba kaka yake amefariki huko Wete, na kwamba yeye ndiye wa kurudi kusimamia mama na mashamba. Angeondoka mwezi ukiisha. Tulimpa mkono wa pole. Alipokwisha kwenda, Bi Stela alilivua vazi la kompyuta, akalikunja mara nne. "Mwanahawa," alisema, "akishaondoka yeye, nani mwingine hapa mjini atakaa nasi kusahihisha zile nukta?" Nikasema sijui. "Mimi pia sijui. Basi fanya."

Nilitaka kwanza kunakili kitabu cha Mwalimu Elia kwenye flopi. Tulinunua flopi katika duka pekee lililokuwa nazo, nikanakili, nikajaribu kuzisoma. Unyevu wa pwani ulikuwa umeziingia humohumo katoni. Ukizifungua lile bati la mbele ulikiona kiukungu cheupe cha fangasi. Nyingine zilisoma, nyingine zilikwaruza zikakataa, na zilizokataa ndizo zilizobeba herufi K hadi M, ambazo katika lugha kama zetu ni karibu nusu ya kitabu. Nilirudia kwa flopi nyingine, zikakataa vilevile. Utepe wa printa ulikuwa umekwisha na Joachim alikuwa hajarudi na mwingine. Nikamwambia Bi Stela ukweli wote huo. Akauliza, "Ile diski mbovu, mara ya mwisho uliikata ikapona?" "Ilipona." "Na kabla ya hapo?" "Ilipona." Akakubali kwa kichwa.

Tulichagua siku ambayo mgao wa umeme ulikuwa upande wa mtaa mwingine. Tulifunga mlango wa barabarani. Wanaume wa benchi wakagonga dirisha kuuliza nani kafa. Nikaanza kuikagua diski, kisha kukusanya. Yeyote aliyeiona kazi ile enzi hizo hataisahau. Kioo chote kinajaa vijiraba vya rangi, kila kijiraba ni kipande cha kitu ulichoandika, na unaviona vikichukuliwa kimoja kimoja kutoka nyuma na kuletwa mbele. Bi Stela alikaa karibu nami na ungo wa kunde, akichambua. Kila kijiraba kilipohama alikifuata kwa macho. "Hiki ni chake?" aliuliza. Nikamwambia sijui, huenda ni kadi ya harusi. "Na hiki?" Baadaye akaacha kuuliza, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa kupumua tu, bila sauti.

Tulikuwa tumevuka nusu umeme ulipokatika.

Feni ya juu ilizimika kwanza. Kisha kile kisanduku cha betri ya akiba, tulichonunua pamoja na kompyuta na ambacho kilikuwa kimechoka kama sisi, kikaanza kulia. Kilikuwa kinaweza kuibeba mashine dakika chache tu, na siku nyingine hata hizo hakifikishi. Bi Stela alisimama, kunde zikamwagika sakafuni. Nilibonya kitufe cha kusimamisha. Mashine haikusimama. Nilijua kwa nini: kuna kipande kilikuwa mkononi mwake, lazima ikiweke chini kwanza. Betri ikalia kwa haraka zaidi. Nakumbuka nilivyokitazama kile kijiraba kimoja kinachowakawaka, na mkono wa Bi Stela umenishika bega, umenishika kwa nguvu hata kesho yake niliona alama. Kikatulia. Kioo kikaandika kwamba kazi imesimamishwa. Nikaizima mashine kwa mkono wangu, na betri ikafa palepale, kabla sijaondoa kidole.

Bi Stela aliinama akaanza kuokota kunde, moja moja, hata zile zilizoingia chini ya meza. Bi Mwantumu alichungulia, akatuona, akarudi akaleta chai na mihogo ya kuchemsha, akaketi nasi. Yeye ndiye aliyezungumza alasiri yote ile, juu ya mjukuu wake na bei ya samaki, na sijapata kumshukuru mtu kwa maneno ya kawaida kama nilivyomshukuru yeye moyoni siku ile. Leo watu wanaandika mambo yao kwenye simu na simu inayapeleka huko isikojulikana, ikiibiwa unanunua nyingine na kila kitu kinarudi. Siwaonei wivu. Ila nikiwatazama nawaza kwamba hawajapata kujua jinsi chumba kinavyokuwa kimya watu watatu wanaposubiri umeme urudi ili wajue kama marehemu bado yupo.

Ulirudi jua likiwa limeanza kulegea. Niliiwasha mashine, nikaikagua diski. Ikatangaza kwamba imekuta vipande visivyo na mwenyewe. "Vipande gani?" Bi Stela aliuliza. Nikavifungua mbele yake. Ilikuwa takataka ya programu, mabaki ya kadi tulizokwisha kuzichapisha. Kisha tukafungua kitabu cha Mwalimu Elia, herufi moja baada ya nyingine, tukienda ukurasa kwa ukurasa. K ilikuwepo. L ilikuwepo. M alitaka kuifungua mwenyewe. Alishuka nayo hadi mwisho, kisha akapanda tena hadi mwanzo. "Yupo," alisema.

Nilidhani ataniambia tuishie hapo, na ningemwelewa. Akasema, "Malizia."

Kesho yake asubuhi nikamaliza kukusanya. Vijiraba vyote vilikuwa mbele na nyuma kumebaki kweupe. Nikaingiza flopi ya Joachim. Programu ile huhifadhi kwanza mpaka wa zamani, kisha inauliza unataka kukata wapi, na baada ya hapo inauliza kwa Kiingereza kama una hakika. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe Bi Stela aliponigusa mkono. "Inasemaje hapo?" Nikamtafsiria. Akausogeza mkono wangu pembeni. "Nitabonya mimi," alisema. "Ikiharibika nisije nikakuchukia wewe." Nilitaka kubisha. Sikubisha. Akabonya.

Ilikuwa kitambo kidogo tu, pumzi moja. Kukata kwenyewe si kazi. Kinachobadilika ni tarakimu chache zinazosema mpaka uko wapi, na jasho lote ni la maandalizi. "Ni hivyo tu?" Bi Stela aliuliza, karibu kwa kukasirika. Tukaiwasha upya, tukafungua kitabu. K, L, M. Tukafungua A, tukaenda hadi Z. Alikuwepo mzima. Bi Stela akatoka nje kwenda kukaa kwenye benchi ya wanaume, ambako hajapata kukaa hata siku moja, nao wakampisha.

Ustadhi alipoona mfumo wa Kiarabu umewaka, na mshale unaanzia kulia, alivisogelea vitufe. Aliandika bismillahi kwa kidole kimoja. Kisha akamgeukia Bi Stela, na Kipemba chake kikamjia mdomoni chote kwa pamoja, akasema mie sina la kukulipa, bibi wee, sina. Bi Stela akamwambia akae aanze kazi, siku hazimngoji. Joachim alileta utepe wa printa. Tulifanya kazi tukiwa watatu kama watu wa nyumba moja. Yeye alipiga na kusahihisha, mimi nilipanga kurasa na kuchapisha. Bi Stela alikaa sakafuni ukumbini akizikusanya karatasi, akizipanga kwa kulinganisha nukta, akizishona kwa sindano ya magunia. Kina mama walipewa vitabu vyao kabla Ustadhi hajasafiri. Bi Mwantumu alikisoma chake kwa sauti siku nzima, jikoni, uani, chooni pengine, hata wapangaji wakalalamika. Be ilikuwa be. Te ilikuwa te.

Ofisi yetu haikudumu. Miaka michache baadaye mji ulijaa kompyuta, na Bi Stela alirudi Muheza kwa binti yake, Neema. Kitabu cha Mwalimu Elia alikimaliza. Kilichapishwa nakala chache, na kiko katika shule kadhaa za kule, nimeambiwa watoto wanakishika kwa fujo hadi jalada limetoka. Lakini mwaka ule kwangu unaishia siku moja ya kiangazi, Ustadhi ameshavuka maji, mimi nimechelewa kufika kazini.

Nilimkuta Bi Stela mbele ya kompyuta. Alikuwa ameifungua ile sehemu ya pili, ya Kiarabu, ambayo hajawahi kuigusa. Alikuwa akitafuta herufi kwenye vitufe, mahali Ustadhi alipobandika vikaratasi. "Usiniambie," alisema nilipotaka kumsaidia. Nikasimama nyuma yake. Akabonya alifu, akatafuta kwa muda, akabonya ye, kisha lamu, kisha ye tena, kisha alifu. Herufi zilikuwa zikishikana zenyewe, zikisonga kutoka kulia kwenda kushoto. Kumbe katika kuzikusanya zile karatasi, kwa siku zote zile, amezijua. Elia.

Alilitazama jina. Hakulia, wala hakucheka. Akauliza wapi pa kuhifadhi, nikamwambia anaweza kulipeleka upande wa kitabu, likae pamoja na maneno mengine ya marehemu. Akafikiri.

"Hapana," alisema. "Kule ana maneno yake. Huku nako awe na jina."

Akahifadhi, akasogeza kiti nyuma, akaniuliza kama Bi Mwantumu ameshachemsha chai.